Waraka Unaoomba Kujibiwa

Mhakiki wa Kiswahili akitaja fani, mawazo ya msomaji huenda moja kwa moja kwenye riwaya, tamthilia au ushairi. Makala haya yanasoma maandishi ya namna nyingine: nyaraka za mafundi waliounda intaneti, na barua moja ya kijana aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kuuza programu za kompyuta. Nazisoma kwa vipimo vilevile tulivyozoea. Nani anazungumza? Anamwambia nani, na kwa toni gani? Swali linaulizwa ili lijibiwe au ili limnyamazishe msomaji? Maandishi yanafungwaje?

Dai langu ni kwamba intaneti ilipata umbo lake kwa sehemu kubwa kutokana na jinsi waasisi wake walivyoandika. Tasnia ya programu iliyokua sambamba nayo ilichagua namna nyingine ya kuandika, na sisi tunaotumia kompyuta na simu kila siku tunaishi ndani ya matokeo ya uchaguzi huo.

Makubaliano ya muda

Waraka wa kwanza una tarehe 7 Aprili 1969. Mwandishi wake, Steve Crocker, alikuwa mwanafunzi wa shahada ya juu katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. ARPA, wakala wa utafiti wa wizara ya ulinzi ya Marekani, ulikuwa ukigharimia mtandao wa kuunganisha kompyuta za vituo vinne vya mwanzo: Los Angeles, taasisi ya utafiti ya SRI, Chuo Kikuu cha California kilichoko Santa Barbara, na Chuo Kikuu cha Utah. Kampuni ya BBN ya Massachusetts ilipewa kandarasi ya kujenga mashine za kupitisha ujumbe. Jambo moja lilibaki bila mwenyewe: kompyuta zenyewe, kila moja ya aina yake, zingezungumzaje zikishaunganishwa? Kazi hiyo iliwaangukia wanafunzi.

Waraka una kichwa kikavu kuhusu programu za kompyuta mwenyeji, na sehemu yake kubwa inahusu mambo ya kiufundi ambayo yamepitwa na wakati zamani. Utangulizi wake ndio unaostahili kusomwa polepole. Unawataja watu kwa majina, unaeleza walikutana lini na wapi, nani amejiunga karibuni, na nani amekuwa akifanya kazi yake pembeni. Hakuna kujificha nyuma ya jina la taasisi. Kisha aya inafungwa kwa sentensi mbili. Katika ya kwanza mwandishi anasema analeta baadhi ya makubaliano ya muda yaliyofikiwa na baadhi ya maswali yaliyojitokeza bila kupata jibu. Katika ya pili anasema kwamba ni machache sana humo yaliyo imara, na kwamba maoni yanatarajiwa.

Tuziangalie kwa karibu. Neno la kupunguza, “baadhi”, linarudiwa mara mbili katika sentensi moja. Makubaliano yanapewa sifa ya kuwa ya muda, na maswali yanawekwa bega kwa bega nayo, kana kwamba yana thamani sawa. Halafu sentensi ya mwisho inatumia kauli ya kutendwa. Maoni yanatarajiwa, hatuambiwi ni nani anayeyatarajia. Hakuna anayeomba na hakuna anayeamuru, ila msomaji anajikuta tayari ana wajibu. Aliyepokea waraka ule hakuweza kuusoma na kuuweka kando kwa amani, kwa sababu waraka wenyewe ulimwambia haujakamilika na kwamba sehemu iliyobaki iko kwake.

Unyenyekevu huu uliletwa kwa makusudi. Katika waraka namba 1000, uliotolewa mwaka 1987, Crocker anakumbuka hofu yake ya kuwaudhi wabunifu rasmi wa itifaki, watu ambao alidhani lazima wapo mahali fulani, na anaeleza jinsi alivyokesha usiku akitafuta maneno ya kujinyenyekeza. Wabunifu hao rasmi hawakuwapo. Hofu ile ilimwelekeza kwenye fani, na fani ikabaki hata baada ya hofu kwisha. Nyaraka hizi zikapewa jina la maombi ya maoni, kwa ufupisho RFC, na jina hilo linatumika hadi leo ingawa sasa kuna maelfu ya nyaraka na nyingi kati yake ni kanuni ambazo dunia nzima inazifuata.

Waraka wa tatu, wa mwezi uleule wa Aprili 1969, unaweka kanuni za utanzu huu. Unaruhusu wazo lolote, pendekezo lolote. Msimamo wa kifalsafa usio na mfano unakubalika. Pendekezo mahususi lisilo na utangulizi linakubalika. Swali lisilo na jaribio la kujibu linakubalika. Urefu wa chini kabisa ni sentensi moja. Halafu unatoa sababu za ulegevu huo: watu huwa na mazoea ya kuliona jambo kuwa na mamlaka kwa vile tu limeandikwa, na pia husita kutoa kitu ambacho hakijanyooshwa. Waraka unataka kuvunja mazoea hayo yote mawili.

Humo humo mna orodha ya wanakikundi, na namna ilivyoandikwa ni somo tosha. Mwandishi hasemi kwamba kikundi “kinaundwa na” fulani na fulani. Anasema kinaelekea kuundwa nao. Kisha anaongeza sentensi fupi kwamba uanachama haujafungwa. Katiba nyingi za vyama hutumia kurasa nzima kueleza nani ni mwanachama na nani si mwanachama. Hapa kitenzi kimoja cha kukisia na sentensi moja ya kukanusha vinaacha mlango wazi, na watu waliopita katika mlango huo miaka iliyofuata ndio waliojenga tunachokiita leo intaneti.

Ngonjera ya mashine mbili

Fani ya majibizano haikuishia katika namna wanadamu walivyoandikiana. Iliingia ndani ya mashine. Mfano bora ni RFC 821 ya Agosti 1982, iliyoandikwa na Jon Postel, mhariri wa nyaraka hizi tangu mwanzo hadi kifo chake mwaka 1998. Waraka huo unaeleza jinsi barua pepe inavyotoka kompyuta moja kwenda nyingine. Badala ya kuanza na majedwali, mapema kabisa anatuletea onyesho dogo lenye pande mbili zinazopokezana kauli, mstari kwa mstari, kama ngonjera.

Anayetuma barua yuko kwenye mashine iitwayo Alpha, na jina lake ni Smith. Anataka kuwafikishia barua Jones, Green na Brown, wote wakiwa kwenye mashine ya Beta. Alpha anatangaza kwamba barua inatoka kwa Smith. Beta anajibu 250, yaani sawa. Alpha anasema ni ya Jones. Beta anajibu 250. Alpha anasema ni ya Green. Beta anajibu 550, hapa hakuna mtu huyo. Alpha hakasiriki wala haachi kazi. Anasema ni ya Brown. Beta anajibu 250. Ndipo Alpha anaomba kuleta barua yenyewe, Beta anajibu 354, leta, na ukimaliza weka nukta peke yake kwenye mstari. Barua inaletwa, nukta inawekwa, Beta anajibu 250. Msimulizi anafunga kwa kutuambia kwamba barua imepokewa kwa ajili ya Jones na Brown, na kwamba Green hakuwa na sanduku kwenye Beta.

Onyesho hili linafundisha zaidi ya maelezo yoyote. Wahusika wana majina ya kawaida kabisa ya watu wa Marekani. Kuna mgogoro mdogo, Green kukosekana, na mgogoro huo umewekwa katikati makusudi ili tuone kwamba kukosekana kwa mmoja hakuzuii haki ya wengine wawili. Barua yenyewe imejazwa maneno yasiyo na maana, kwa kuwa itifaki haitakiwi kujua kilichomo ndani. Faragha ya bahasha imeonyeshwa bila kuhubiriwa.

Hata kabla ya hapo mashine husalimiana. Alpha hupiga hodi kwa amri ya herufi nne, HELO, na kutaja jina lake, Beta hujibu, ndipo shughuli inaanza. Majibu nayo yana ngazi. Tarakimu ya kwanza ikiwa 2, jambo limekamilika. Ikiwa 3, endelea, nasubiri. Ikiwa 4, haiwezekani kwa sasa, jaribu tena baadaye. Ikiwa 5, haiwezekani, usirudie hivyo hivyo. Kuna hapana ya leo na hapana ya daima, na mtumaji anapewa heshima ya kujua amepewa ipi. Nani kati yetu hajawahi kuketi mbele ya programu ya kisasa iliyomwambia tu kwamba kuna tatizo, bila kumweleza kama asubiri, arekebishe au aondoke? Mwandishi wa 1982 alimjali zaidi msomaji wake aliye mashine kuliko programu nyingi za leo zinavyomjali mtumiaji aliye binadamu.

Lakini tazama tena mstari wa kwanza wa onyesho. Alpha anasema barua inatoka kwa Smith, na Beta anajibu sawa. Hakuuliza uthibitisho. Hilo ndilo tundu ambalo matapeli waliingilia. Ngonjera iliandikwa na watu waliojuana, kwa ajili ya watu waliojuana, na uaminifu wao uliwekwa ndani ya itifaki kana kwamba ni hali ya kawaida ya dunia. Barua pepe ya kitapeli inayodai kutoka benki inapita katika mlango ulioachwa wazi na 250 ile ya kwanza. Matengenezo yalichukua miaka: kanuni za kuthibitisha mtumaji zilitoka kwa awamu, SPF mwaka 2006, DKIM mwaka 2007, DMARC mwaka 2015. Yote yalikuja kama nyaraka za RFC. Kosa la utanzu lilirekebishwa ndani ya utanzu uleule, na nyaraka za zamani hazikufutwa. RFC ikishatolewa maudhui yake hayabadilishwi. Mpya hutolewa na kutangaza kwamba imechukua nafasi ya ile. RFC 821 ilifuatwa na 2821 mwaka 2001, ikaja 5321 mwaka 2008, na zote tatu bado zinasomeka. Anayetaka kujua tulikosea wapi anaonyeshwa mahali penyewe.

Maswali yenye majibu mfukoni

Sasa tuweke pembeni yake barua ya wazi kwa wapenzi wa kompyuta, yenye tarehe 3 Februari 1976. Mwandishi ni Bill Gates, akiwa na umri wa miaka 20, na kampuni yake wakati ule iliandikwa Micro-Soft, kwa kistari. Yeye na Paul Allen, wakisaidiwa na Monte Davidoff, walikuwa wameandika programu ya BASIC kwa ajili ya kompyuta ya Altair iliyouzwa na kampuni ya MITS ya Albuquerque. Wapenzi wa kompyuta waliinakili kanda ya programu hiyo na kugawana. Barua ilichapishwa, pamoja na kwingineko, katika jarida la Homebrew Computer Club, klabu ya California ambako kugawana lilikuwa jambo la kawaida.

Barua inaanza vizuri. Inasema upungufu mkubwa wa wapenzi wa kompyuta ni programu nzuri na mafunzo mazuri. Inaeleza kazi iliyofanyika: miezi miwili ya mwanzo, kisha karibu mwaka mzima wa kusahihisha, kuongeza na kuandika maelezo. Inataja thamani ya muda wa kompyuta uliotumika, zaidi ya dola 40,000. Inasema wenye Altair walioinunua BASIC hawafiki asilimia 10, na kwamba mapato ya waandishi hayafiki dola 2 kwa saa. Hadi hapo ni hoja ya mfanyakazi anayedai ujira, na ni hoja nzito.

Kisha toni inageuka. Mwandishi anauliza kwa nini iwe hivyo, na anajibu mwenyewe: kama wengi wenu mnavyojua, wengi wenu mnaiba programu zenu. Kuanzia hapo maswali yanafuatana. Nani anajali kama waliofanya kazi watalipwa? Je, hii ni haki? Nani anaweza kumudu kufanya kazi ya kitaalamu bure? Ni mpenzi gani atakayetumia nguvu kazi ya miaka mitatu kuandika programu, kusaka makosa yote na kuigawa bila malipo? Haya ni maswali ya balagha, kila moja likiwa na jibu mfukoni. Swali la Crocker lina nafasi tupu mbele yake, na msomaji anaalikwa kuijaza. Swali la barua hii limejijibu kabla halijafika mwisho, na msomaji amebakiwa na kazi moja tu, kukiri.

Nafsi nazo zimegawanyika. Kuna “sisi”, watu watatu walioumia, na kuna “ninyi”, umma usio na jina, ulioshtakiwa kwa jumla. Aliyeinunua programu kihalali anajikuta ndani ya “wengi wenu” bila njia ya kujitoa. Linganisha na waraka wa tatu, ambamo hata idadi ya “sisi” haijulikani vizuri kwa kuwa mlango uko wazi.

Cha kushangaza zaidi kifani ni mwisho. Barua nayo inaomba maoni. Mwandishi anatoa anwani yake na kusema angependa kupata barua kutoka kwa yeyote anayetaka kulipa, au aliye na pendekezo au neno. Lakini ombi hilo linakuja baada ya hukumu, baada ya kusema kwamba wanaoiuza tena BASIC wafukuzwe kwenye mikutano ya klabu. Anayetakiwa kwanza ni mlipaji. Mwenye pendekezo anafuata. Mwaliko uliowekwa mwishoni mwa shtaka haufanyi kazi ya mwaliko uliowekwa mlangoni.

Ni lazima niseme wazi kwamba kosa la barua haliko katika dai lake la malipo. Crocker na wenzake waliweza kuandika maombi ya maoni bila kuwaza bei kwa sababu ARPA ililipa. Ukarimu wao ulikuwa na mfadhili, na mfadhili huyo alikuwa wizara ya ulinzi. Kijana wa Albuquerque hakuwa na mfadhili wa kumlipa ujira. Anayesifu RFC na kuishutumu barua bila kutaja tofauti hiyo anamdhulumu mwandishi wa barua. Swali la nani atamlisha mwandishi wa programu lilikuwa swali la kweli, na lingeweza kuulizwa kama swali la kweli: tumetumia kiasi hiki, tumepata kiasi hiki, ninyi mngependekeza njia gani? Takwimu zote za kuuliza hivyo zilikuwamo barua ileile. Mwandishi alichagua kuzigeuza ushahidi wa mashtaka.

Barua moja haizai tasnia. Hata hivyo ilitangulia kuonyesha mkao ambao tasnia ya programu ingeuzoea: mwandishi upande huu, mtumiaji upande ule, na katikati yao shaka. Tarehe 26 Mei 1995 Gates huyohuyo aliwaandikia wakuu wa kampuni yake waraka akiutaja ujio wa intaneti kuwa tukio muhimu kuliko yote tangu kompyuta binafsi ya IBM ya mwaka 1981. Kwa maudhui, waraka huo ni ushindi wa maombi ya maoni. Kwa fani, ulikuwa maelekezo ya ndani kwa wakubwa, na umma uliusoma baadaye kwa sababu uliingizwa kama ushahidi katika kesi ya serikali ya Marekani dhidi ya Microsoft.

Herufi kubwa za aina mbili

Tofauti ya tanzu hizi mbili inaonekana hata katika jambo dogo kama herufi kubwa. Machi 1997 Scott Bradner aliandika RFC 2119, waraka mfupi unaoeleza maana ya maneno ya kuamuru katika kanuni za intaneti yanapoandikwa kwa herufi kubwa. Kuna neno la lazima, lisilo na mjadala. Kuna neno la lipasalo, ambalo msomaji anaweza kuwa na sababu halali ya kutolifuata, mradi ameelewa na kupima athari zake zote. Na kuna neno la hiari. Karibu na mwisho waraka unawaonya waandishi wenyewe: maneno haya yatumike kwa uangalifu na kwa uchache, pale tu inapohitajika ili mifumo ielewane au ili kuzuia madhara, wala yasitumike kumlazimisha mtu kufuata njia fulani ya utekelezaji isiyohitajika kwa kuelewana. Ni nadra kukuta sheria inayojiwekea mpaka namna hiyo. Mwaka 2017 ikaja RFC 8174 kufafanua kwamba ni herufi kubwa tu zinazobeba maana hiyo maalumu, ili msomaji asibahatishe.

Sasa fungua leseni ya kawaida ya programu ya Marekani. Utakutana na aya nzima ya herufi kubwa ikikana dhamana: programu imetolewa kama ilivyo, mtengenezaji hawajibiki kwa hasara. Herufi hizo zina sababu ya kisheria, kwa kuwa sheria za biashara za Marekani zinataka kanusho la aina hiyo lionekane waziwazi. Lakini zinafanya nini kwa msomaji? Katika RFC, herufi kubwa humwonyesha mahali hasa wajibu ulipo ili aweze kujenga. Katika leseni, humwonyesha mahali wajibu ulipokwisha. Chombo kile kile cha uchapaji kinatumika kuunganisha hapa na kujitenga pale, na maelezo haya ya kujitenga ni kati ya maandishi ya kompyuta ambayo watu wengi duniani wamewekewa mbele ya macho na kutakiwa kuyakubali bila kuyasoma.

Jina la nchi ni amana

Utanzu wa RFC umetugusa sisi moja kwa moja. Machi 1994 Postel aliandika RFC 1591 kuhusu majina ya vikoa, na humo kuna kanuni za majina yenye alama za nchi: .ke ya Kenya, .tz ya Tanzania, .ug ya Uganda na mengineyo. Tatizo lilikuwa la kisiasa. Nani aamue nchi ni ipi? Waraka unalikataa jukumu hilo kwa sentensi nyofu, kwamba si kazi ya ofisi inayogawa majina hayo kuamua nchi ni ipi na ipi si nchi, kisha unashika orodha ya ISO 3166 kwa sababu shirika la viwango lina utaratibu wake wa kuitunga. Mwandishi mwenye mamlaka makubwa anatumia maneno machache kuyapunguza mamlaka yake.

Aya nzito zaidi inahusu anayesimamia jina. Waraka unamwita mdhamini, na wajibu wake ni kwa pande mbili, taifa na jumuiya ya intaneti ya dunia. Kisha unaweka jozi mbili za maneno zinazopingana: kujali haki na umiliki wa kikoa hakufai, kinachofaa ni kujali majukumu na huduma kwa jumuiya. Sentensi zimejengwa kwa sura moja, moja ikikanusha na nyingine ikithibitisha, ili msomaji azishike pamoja. Leo KeNIC nchini Kenya inasimamia .ke, na anayetaka kipimo cha kuitathmini hana haja ya kukitunga. Kipo katika sentensi zile za 1994: umetumikia nani, na umewajibika vipi? Ni kipimo kinachofaa zaidi ya majina ya vikoa. Kila mfumo ambao maisha ya watu yamejengwa juu yake, kuanzia malipo ya simu hadi kumbukumbu za ardhi, unastahili kusomwa kwa jozi zile mbili.

Yaliyoachwa nje

Sifa hizi zisitufumbe macho. Kanuni za utanzu ziliwabana waandishi wake kwa muda mrefu: mistari isiyozidi herufi 72, na herufi za ASCII peke yake, yaani alfabeti ya Kiingereza bila alama za ziada. Kiswahili cha herufi za Kilatini kilipenya bila shida kwa kuwa hakihitaji alama hizo. Kiswahili cha herufi za Kiarabu, kilichobeba tenzi na barua za Lamu, Mombasa na Unguja kwa karne kadhaa, kisingeweza kuandikwa humo hata neno moja. Ni mwaka 2016, kwa RFC 7997, ndipo herufi za nje ya ASCII ziliporuhusiwa rasmi ndani ya nyaraka zenyewe. Mlango ulioandikwa kwamba haujafungwa ulikuwa na kizingiti cha lugha, na waliouandika hawakukiona kwa sababu wao walikuwa ndani.

Hata kauli mashuhuri ya Postel ya mwaka 1980, kwamba uwe mwangalifu katika unachotuma na mkarimu katika unachopokea, imeonyesha upande wake mbaya. Ukarimu wa kupokea uliwafanya wengine wazembee katika kutuma, makosa yakazoeleka hadi yakawa kawaida. RFC 9413 ya mwaka 2023 inaihoji hekima hiyo waziwazi. Nalitaja jambo hili kama nguvu ya utanzu. Ni taaluma gani nyingine inayomruhusu kijana kuandika, katika mfululizo uleule na kwa umbo lilelile, kwamba neno la mzee wa fani sasa linahitaji kurekebishwa, na wote wawili wakabaki kwenye rafu moja?

Dalili nyingine ya ukomavu ni upana wa toni. RFC 1149 ya tarehe 1 Aprili 1990 inaeleza kwa uzito kamili jinsi ya kusafirisha data kwa njiwa, na mafundi wa Bergen, Norway, waliijaribu kweli mwaka 2001. RFC 2468 ya Oktoba 1998 ni tanzia aliyoiandika Vint Cerf, mmoja wa waasisi wa intaneti, kwa ajili ya Jon Postel. Umbo linaloweza kubeba amri, utani na msiba bila kuvunjika ni umbo lililokamilika, hata kama kila waraka ndani yake unakiri kuwa haujakamilika.

Hukumu yangu ni hii. Kwa maudhui, barua ya 1976 ilikuwa na hoja ambayo nyaraka za 1969 hazikuijibu, na hoja hiyo ya ujira bado iko hai. Kwa fani, nyaraka za 1969 zimeishinda kwa mbali, na ushindi huo umethibitishwa na kazi: mashine zinazoendeshwa kwa ngonjera ya Smith na Jones zinapeleka barua duniani kote hadi saa hii. Waandishi wa programu wa Nairobi, Dar es Salaam na Kampala wanaojenga mifumo ya malipo, elimu na afya hawana budi kuchagua watawaandikia watumiaji na wenzao kwa umbo lipi. Waandike majina yao na tarehe. Wayape maswali yasiyo na jibu kichwa chake cha habari. Waache kosa la jana lisomeke pembeni ya sahihisho la leo. Waseme wajibu unaanzia wapi kabla ya kusema unaishia wapi. Haya yote ni maamuzi ya uandishi, hayahitaji mtaji wala kibali, na mfumo usioandikwa hivyo usitarajie kwamba wengine watakuja kuujenga pamoja na mwenyewe.